Jinsi ya kujenga ukuta wa zege wa kuzuia udongo penye joto kavu: mfano wa Turkana

Lodwar, mji mkuu wa Kaunti ya Turkana kaskazini mwa Kenya, hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka, na mchana joto hufika nyuzi 35 na zaidi karibu kila mwezi. Ukisikia hivyo utadhani adui wa ukuta huko ni jua. Lakini ukitazama kuta zilizoinama au kupasuka, mara nyingi utakuta kisa ni maji. Kuna yaliyozidishwa kwenye mchanganyiko ili zege lisiwahi kukauka, yaliyotoroka saa chache baada ya zege kumwagwa, na yale yaliyoshuka kwa kishindo siku moja ya Aprili yakakwama nyuma ya ukuta usiokuwa na pa kuyatolea. Jua huchangia, ila kazi ya kuua ukuta hufanywa na maji.

Nitatumia ukuta mmoja wa mfano: urefu mita 20, kimo mita 2 kutoka juu ya msingi, ambapo nusu mita imezikwa mbele na mita moja na nusu inaonekana. Ni ukuta wa kawaida wa kusawazishia kiwanja cha shule, zahanati au nyumba iliyo kwenye mteremko. Ukizidi hapo, au ukitaka kujenga kando ya laga (mto wa msimu), hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa tangu mchoro wa kwanza. Hata huu wa mfano mpelekee akague vipimo na mpango wa nondo. Mimi ukuta wowote unaopita mita 1.2 siuanzi bila sahihi ya mhandisi, na kibali cha kaunti nacho hakikwepeki.

Chora kwanza, saruji baadaye

Msukumo wa udongo hauongezeki sawasawa na kimo. Ukirefusha ukuta mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, na nguvu ya kuupindua inakuwa mara nane. Ndiyo maana fundi aliyejenga ukuta wa mita moja ukasimama miaka kumi hawezi kuchukua vipimo vilevile akavitumia kwenye mita mbili.

Kwa ukuta wetu, msingi uwe na upana wa mita 1.4 na unene wa sentimita 25. Ukuta wenyewe uwe na unene wa sentimita 25 kutoka chini hadi juu. Msingi utokeze sentimita 40 mbele, na sentimita 75 ziingie nyuma, chini ya udongo unaozuiwa. Usigeuze. Uzito wa udongo uliokalia ile sehemu ya nyuma ndio unaoushikilia ukuta usipinduke, na anayepunguza upande wa nyuma ili kuokoa kazi ya kuchimba anautupa uzito aliokuwa anapewa bure.

Sasa tazama hesabu. Udongo mkavu wa mchanga nyuma ya ukuta huu unasukuma kwa takriban tani 1.5 kwa kila mita ya urefu. Msuguano chini ya msingi unaweza kukinza kama tani 2.4. Kuna nafasi ya kutosha. Lakini udongo huohuo ukijaa maji hadi juu, msukumo unapita tani 3, na wakati huohuo maji yanaunyanyua msingi na kupunguza ule msuguano. Ukuta ambao haujabadilika kitu, wenye nondo zilezile na saruji ileile, unateleza. Kuuongeza unene kwa kuogopa maji ni gharama kubwa. Kuyatoa maji ni gharama ndogo.

Gari likitarajiwa kuegeshwa karibu na ukingo wa juu, ile nafasi ya usalama inakaribia kwisha. Mwambie mhandisi mapema, ili aongeze upana wa msingi au aweke jino la zege chini yake linalong'ata ardhini.

Shimo la majaribio

Chimba mashimo mawili au matatu hadi kina cha msingi. Maeneo makavu yana udongo wa vumbi laini ulioletwa na upepo, ambao ukiwa mkavu ni mgumu hata sururu inadunda, lakini ukilowa unaporomoka wenyewe. Kipimo cha shambani ni rahisi: sukuma kipande cha nondo kwenye sakafu ya shimo uone kinaingia kiasi gani, kisha mwaga maji, acha usiku kucha, usukume tena. Tofauti ikiwa kubwa, udongo huo utolewe na nafasi yake ijazwe changarawe iliyoshindiliwa.

Angalia pia utando mweupe juu ya ardhi au kwenye kuta za shimo. Hiyo ni chumvi. Peleka sampuli maabara ipimwe salfeti na kloraidi kabla ya kuchagua saruji.

Maji, mchanga, saruji

Maji ya kuchanganyia yasiwe na kloraidi inayopita miligramu 1,000 kwa lita, kwa sababu chumvi hiyo huila nondo kutoka ndani. Turkana jambo hili si la kinadharia. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na chumvi, na hayafai kwa zege la nondo. Mwaka 2013 yalitangazwa maji mengi chini ya ardhi ya Lotikipi kwa shangwe kubwa, lakini vipimo vilivyofuata vikaonyesha ni ya chumvi. Kwa hiyo usitosheke na kuambiwa kwamba kisima fulani kina maji. Uliza kama yamepimwa. Maji ya mfereji wa mji, au ya kisima kinachonywewa na watu kila siku, ndiyo pa kuanzia.

Piga hesabu ya maji kabla ya saruji. Ukuta wetu unakula zege mita za ujazo 17, yaani mifuko kama 136 ya kilo 50, na maji ya kuchanganyia ni takriban lita 3,300. Ya kukomazia zege, yaani kulitunza likiwa na unyevu hadi lipate nguvu, yanazidi hapo: nyuso mbili za ukuta pekee ni mita za mraba 80, na ukikadiria lita 5 kwa mita kila siku kwa siku 14, zinakwenda lita 5,600. Kama tangi la kuhifadhi lita 10,000 halijulikani litatoka wapi, kazi haijawa tayari kuanza.

Mchanga wa laga hufaa ukiwa na punje za ukubwa tofauti. Ule laini unaopeperushwa na upepo na kujikusanya vilima haufai: punje zake ni ndogo na duara, na zege lake linadai maji mengi. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope linalokaa juu ya mchanga likipita asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshe au tafuta mwingine.

Saruji iwe ya daraja la 42.5. Penye chumvi kwenye udongo, zile zenye pozolana (unga kama wa majivu ya volkano) huvumilia vizuri zaidi na hazitoi joto jingi zikianza kushika, lakini huchelewa kupata nguvu, kwa hiyo zinadai kumwagiliwa siku nyingi zaidi. Hifadhi mifuko kivulini juu ya mbao.

Uwiano ni 1:1.5:3, na upimaji uwe kwa boksi badala ya koleo. Boksi lenye vipimo vya ndani vya sentimita 35 kwa 35 kwa 28.5 linabeba lita 35, ambao ni ujazo wa mfuko mmoja. Mfuko mmoja, boksi moja na nusu la mchanga, maboksi matatu ya kokoto, na maji yasiyozidi lita 25. Mchanga wa huku huwa mkavu kabisa na hauchangii maji yake. Ukiongeza lita 5 kwa kila mfuko ili zege liteleze, unapoteza moja ya tano ya nguvu au zaidi.

Msingi

Chimba, sawazisha, shindilia, kisha mwaga zege jembamba la sentimita 5 la kusafishia. Ardhi ilowe jioni ya kuamkia kazi ili isinyonye maji ya zege, lakini madimbwi yasibaki asubuhi.

Nondo za msingi ni za milimita 12 kila sentimita 20, tabaka la juu na la chini. Chipukizi za ukuta, yaani nondo zinazochomoza kutoka kwenye msingi, zitoke upande wa nyuma na ziachwe sentimita 60 juu ya msingi kwa ajili ya kuungana na nondo za ukuta. Umbali kati ya nondo na ardhi uwe milimita 75 pale zege linapogusa udongo moja kwa moja, na milimita 50 penye fomu, yaani kiunzi cha kushikilia zege bichi. Hakikisha kwa biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuinulia nondo. Mawe ya kuokota hayafai kushikilia nondo.

Nondo za ukuta na fomu

Nondo kuu zinakaa upande wa udongo. Narudia kwa sababu kosa hili liko kila mahali: udongo unausukuma ukuta mbele, kwa hiyo uso wa nyuma ndio unaovutika, na zege haliwezi mvuto. Nondo zikiwekwa katikati au mbele, ukuta una chuma ambacho hakifanyi kazi. Weka wima milimita 12 kila sentimita 20 nyuma. Za kulala ziwe milimita 10 kila sentimita 15, nyuso zote mbili, kwa sababu uso wa mbele unachomwa mchana na kupoa usiku, na nondo hizo ndizo zinazozuia nyufa zisipanuke.

Gawanya ukuta vipande vya mita 5. Kila kipande kinahitaji zege mita za ujazo 2.5, mifuko 20, na timu yenye mashine moja inaweza kukimaliza kabla jua halijakolea. Maungio ya vipande hivyo yawe sehemu ya ukuta kusinyaa bila kupasuka ovyo. Katikati, kwenye mita 10, acha nafasi ya kutanukia ya milimita 20 yenye ubao laini ndani na mpira wa kuzuia maji. Zege la urefu wa mita 10 joto lake likibadilika nyuzi 30 hurefuka au kufupika milimita 3 hivi. Ni kidogo, lakini hakuna anayeweza kuuzuia mwendo huo.

Fomu za plaiwudi au mbao ni bora kuliko za bati, ambazo juani huwa kama kikaango. Zinyooshe kwa timazi na uziegemeze vizuri. Zege bichi la mita 2 linasukuma kwa nguvu kuliko udongo.

Siku ya kumwaga

Zege likiwa bichi lisipite nyuzi 35, na ukiweza libaki chini ya 32. Wengi hukimbilia kupoza maji. Yanasaidia, lakini kokoto na mchanga ndivyo vilivyo vingi: ili zege lishuke nyuzi moja, lazima maji yashuke nyuzi 4, au saruji 8, lakini kokoto na mchanga nyuzi 2 tu. Kwa hiyo kipaumbele ni kufunika lundo la kokoto na mchanga kwa kivuli cha makuti, mikeka au turubai siku mbili kabla, na kunyunyizia kokoto usiku ili uvukizi uzipoze. Tangi la maji lifunikwe, na bomba la juani litolewe maji ya moto kwanza. Ukinyunyizia kokoto, punguza maji ya mchanganyiko.

Anza saa kumi na moja alfajiri, umalize kabla ya saa tatu. Nondo zilizoshinda juani jana zitakuwa zimepoa. Kama bado zinachoma kiganja, zimwagie maji. Fomu nazo zilowe.

Ila usiku na alfajiri si salama kila mahali. Upande wa Loiyangalani, mashariki mwa ziwa, ambako kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo, upepo hukaza zaidi usiku na kuelekea alfajiri. Upepo ni mbaya kuliko joto. Chukua hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 25: upepo ukienda kilomita 25 kwa saa, uso wa zege unapoteza zaidi ya lita 2 za maji kwa mita ya mraba kila saa. Upepo ukishuka hadi kilomita 5, zinabaki lita 0.7. Uvukizi ukipita lita moja, nyufa za uso zinaanza hata kabla zege halijashika. Kwa hiyo huko simamisha kizuizi cha turubai upande upepo unakotoka, mrefu kuliko kimo cha mtu, kabla hujafikiria kitu kingine. Hatari hii ni kubwa kwa msingi, ambao uso wake wote uko wazi. Ukuta umelindwa na fomu isipokuwa juu.

Mwaga ndani ya fomu kwa tabaka za sentimita 40 kuzunguka kipande chote, na kila tabaka lifuate kabla lililopita halijaanza kushika. Kwenye joto hili usikubali kuvuka dakika 45. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, iingie wima na izame kidogo katika tabaka la chini, kisha itolewe polepole. Uwe na vaibreta ya akiba, kwa sababu ya kwanza itaharibika siku hiyohiyo.

Zege likianza kuwa gumu kufanya kazi, usiongeze maji. Nunua dawa ya kulainisha na kuchelewesha, fuata kipimo cha mtengenezaji, na ijaribu kwenye mchanganyiko mmoja siku kabla. Utakutana na fundi atakayekuambia utie sukari. Ni kweli sukari kidogo huchelewesha saruji, lakini kipimo kikizidi hata kwa kijiko, zege linaweza kukaa siku bila kushika au likashika ghafla, na kwenye ukuta unaobeba udongo huo ni mchezo wa bahati.

Watu pia hupata joto. Oman imepiga marufuku kazi za nje kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kuanzia Juni hadi Agosti, na waliokwenda Muscat kwa kazi za ujenzi wanaijua sheria hiyo. Turkana hakuna haja ya kusubiri sheria: kivuli, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari kidogo, na mapumziko ya mchana.

Kukomaza zege

Hapa ndipo kuta nyingi za ukanda huu hupoteza nguvu, kwa sababu zege limeshamwagwa, watu wamechoka, na anayebaki ni mlinzi peke yake.

Mara tu uso wa msingi unapopoteza mng'ao wa maji, ufunike kwa nailoni. Ukishika, weka magunia yaliyolowa na nailoni juu yake, uikandamize kwa mawe pembezoni upepo usiingie. Ukutani, acha fomu mahali pake siku tatu au nne, legeza kidogo na uyatiririshe maji katikati ya fomu na zege. Ukizitoa, ning'iniza magunia pande zote mbili na uyafunge kwa nailoni. Kumwagilia asubuhi na jioni bila magunia hakutoshi. Uso unaokauka na kulowa, kukauka na kulowa, hupasuka kwa urahisi.

Maji ya kumwagilia yasiwe baridi kupita kiasi kwenye zege moto, na yasiwe ya chumvi. Siku saba ni kima cha chini. Kwa joto hili nenda 14, hasa kwa saruji ya pozolana. Mlipe mtu mmoja kazi hiyo tu na umpe daftari la kuandika saa. Sampuli za zege za sentimita 15 kwa 15 kwa 15 ulizochukua siku ya kumwaga zihifadhiwe majini kivulini, zikapimwe siku ya 7 na ya 28.

Njia ya maji nyuma ya ukuta

Paka lami upande wa nyuma kuanzia msingi hadi juu, mikono miwili. Kazi yake ni kuzuia maji ya chumvi yasifyonzwe na zege na kutokea mbele, ambako yakikauka huacha chumvi inayomega uso, hasa sehemu ya sentimita chache juu ya ardhi.

Tandaza kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, dhidi ya udongo uliochimbwa, kisha jaza kokoto safi za unene wa sentimita 30 kati yake na ukuta. Kitambaa hicho si anasa. Vumbi la jangwani ni laini mno; bila kitambaa cha kulichuja, kokoto zitaziba ndani ya misimu michache. Chini ya kokoto laza bomba lenye matundu la milimita 100, likiteremka sentimita moja kwa kila mita, na lipate mdomo mahali penye mteremko wa kweli. Juu ya hapo, matundu ya kutolea maji ya bomba la milimita 75, kila mita 1.5, sentimita 15 juu ya ardhi ya mbele, yakiinama mbele. Midomo ya nyuma ifunikwe na kitambaa hichohicho. Yapangwe kabla ya kumwaga zege, si kutobolewa baadaye.

Maji ya juu yanahitaji mfereji wake, wa zege, nyuma ya ukingo wa ukuta, upeleke mafuriko pembeni yasiingie kwenye udongo uliojazwa. Mvua ya milimita 200 kwa mwaka ikija kwa mapigo machache, pigo moja linaweza kuwa robo ya yote. Mbele ya ukuta, mahali maji yanapoangukia au yanapopita, panga mawe makubwa au gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), kwa sababu nusu mita uliyozika msingi inaweza kuchimbwa na mafuriko ya jioni moja.

Kujaza udongo

Usijaze kabla zege halijafika robo tatu ya nguvu yake; kwa kawaida ni siku 14 hadi 28 kulingana na saruji na majibu ya maabara. Jaza kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, loweka kidogo, shindilia. Ndani ya mita moja kutoka ukutani tumia mashine ndogo ya mkono, na gari au rola lisisogee. Udongo wa mfinyanzi na ule wenye utando wa chumvi upeleke kwingine. Tabaka la mwisho, la juu kabisa, liwe la udongo mzito kidogo na literemke kwenda kwenye mfereji.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, nenda ukaangalie matundu wakati inanyesha. Yasipotoa maji na udongo wa juu umeloa, kuna kilichoziba: chomeka nondo ndogo taratibu bila kutoboa kitambaa. Maji yakitoka na mchanga, kitambaa kimepasuka, na hapo ni heri kufukua sehemu hiyo sasa. Piga mstari wa rangi juu ya nafasi ya kutanukia, vipande vyote viwili, kabla ya msimu. Mistari ikiachana baada ya mvua, kipande kimoja kimesogea, na mhandisi aitwe kabla mvua nyingine haijafika.